Mzee Anayekuja kwa Miguu

Juzi nimegombana na mwenzangu kazini kwa sababu ya mzee wa Krismasi. Ni mwanamke mwenye akili zake, tunakula pamoja kila siku, lakini aliposema kwamba kumwambia mtoto habari za mzee anayeleta zawadi ni kumzoesha uongo mapema, chai ilinikaa kooni. "Akija kugundua, atakuamini vipi tena?" akaniuliza. Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona watu wanatuangalia, nikameza. Sasa namjibu hapa, maana mimi nikinyamazia jambo linanichoma wiki nzima.

Kwetu Kamunyonge, kando ya ziwa pale Musoma, mzee huyo hakuwa yule mnene wa manyoya mekundu anayebandikwa kwenye vioo vya maduka. Yule tulimwona mjini, na bibi yangu alipoonyeshwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, huyu si atakufa na joto kabla hajafika Nyegina?" Wa kwetu alikuwaga mwembamba, mrefu, na anatembea kwa miguu. Anatokea upande wa Butiama, kule Mwitongo alikokuwa akiishi bibi mwenyewe, anazungukia Bunda, halafu ndipo anakuja kwetu Musoma. Hana gari wala punda. Bibi ndiye aliyetuletea habari zake, na alimzungumzia kama ndugu wa ukoo aliyechelewa kidogo njiani.

Mzee huyu alikuwa na masharti. Kwanza, humwombi kitu. "Maombi peleka kanisani," bibi alisema, "yeye analeta kinachokufaa." Kinachokufaa ilikuwa nguo ya sikukuu, imekunjwa, imewekwa juu ya kigoda mlangoni asubuhi ya Krismasi. Pili, kwa sababu ametembea mbali, lazima jioni umwekee beseni la maji pale mlangoni anawe miguu. Asubuhi tukiamka tulikimbilia beseni kabla ya nguo. Maji yalikuwa yamechafuka! Tena si kwa mchanga wetu wa Kamunyonge, ule mweupe wa ziwani. Chini ya beseni kulituama udongo mwekundu, udongo wa Mwitongo kabisa, tuliokuwa tunaujua kwa sababu kila tukienda kumsalimia bibi tulirudi nao kwenye soksi. Tulichuchumaa pale na wadogo zangu tukiutazama. Kuna siku nilichovya kidole, nikakinusa.

Halafu nguo yenyewe ilikutosha. Hapo ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa. Hakuna aliyekuja kutupima. Mitumba ya sokoni mama alikuwa anatushikishia mgongoni katikati ya watu, na bado ilibana au ilining'inia. Ya mzee ilikaa. Nilimuuliza bibi anajuaje. Bibi akanitazama kama nimeuliza jua linajuaje kuchomoza. "Anakujua," akasema. "Basi." Nilikuwa mtoto wa katikati katika nyumba yenye watoto wengi, jina langu huitwa baada ya kuitwa majina mengine mawili kwa makosa, na kulikuwa na mtu huko milimani ananijua mpaka upana wa mabega. Sijui kama naeleweka. Nililibeba jambo hilo mwaka mzima, hata darasani nikichapwa.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, shangazi yangu wa Bunda alifariki. Alikuwa dada yake baba, mtoto wa bibi yule yule. Aliacha binti mmoja mdogo wa darasa la kwanza, na baba wa binti tulikuwa hatujui yuko wapi. Baada ya mazishi baba alirudi naye Musoma. Mtoto alikuja na mfuko wa nguo ambazo nyingi zilikuwa zimeshambana, na beseni dogo la plastiki la bluu ambalo hakukubali mtu amshikie. Hakulia msibani, na hakulia kwetu. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia aoge anaoga, ukimuuliza kitu anajibu "sawa". Kumbe sawa yenyewe haikuwepo. Alilala ubavuni mwangu akiwa amejikunja, bega lake la kushoto lililoshuka kidogo, hivyo ndivyo alivyozaliwa, likinigusa.

Nilimpenda na nilimwonea wivu, vyote kwa pamoja. Mama yangu si mtu wa kukumbatia. Mapenzi yake yanakuja kwa njia ya kipande cha samaki kilichofichwa kwenye sufuria. Sasa mwanzoni mwa Desemba nikamkuta jikoni amemkumbatia yule mtoto, muda mrefu, mikono imemzunguka mgongoni, kisha kiunoni, kisha mama akapiga magoti akawa kama anamkumbatia mpaka miguuni. Mtoto kasimama kama mti. Nilirudi nyuma na ndoo yangu ya maji, nikaitua kwa nguvu ili nisikike, na hakuna aliyeshtuka.

Siku zilivyokaribia, wadogo zangu walianza makelele yao kuhusu mzee. Nikadhani mgeni wetu atashangaa. Wapi! Alikuwa anamjua. Shangazi alilelewa na bibi, kwa hiyo kule Bunda mambo yalikuwa yale yale: kigoda, nguo, udongo mwekundu, na beseni. Beseni lenyewe ndilo lile la bluu. Kwa mara ya kwanza tulimsikia akisema maneno mengi mfululizo, akieleza jinsi mzee alivyokuwaga anamwaga maji kidogo pembeni kila mwaka, kwa sababu mguu wake mkubwa na beseni dogo. Tulicheka. Naye alikaribia kucheka, kisha uso ukarudi kule kule.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichopita kichwani mwake pale. Bibi mwenyewe alikuwa amesema kwa simu, sauti imewekwa juu wote tusikie, kwamba mzee ameshaanza safari, na mwaka huu anapita Bunda kwanza kama kawaida. Alisema vile kutuchangamsha. Lakini mtoto aliyeacha nyumba imefungwa kwa kufuli kule Bunda alisikia kitu kingine kabisa. Mzee atafika mlangoni. Hatakuta maji, hatakuta mtu. Atajua nini? Atajua kwamba wale wa nyumba hii wamekwisha, na ataendelea na safari, na jina la mtoto halitakuwepo tena kokote.

Asubuhi ya mkesha nilipanga foleni kisimani, niliporudi hayupo. Beseni la bluu halipo. Mama alisimama katikati ya uwanja, akageuka huku na huku, kisha akatoka mbio kuelekea ziwani. Sisi watu wa hapa mtoto akipotea mguu unakwenda majini kabla akili haijafikiri. Alikimbia bila kandambili, khanga inamvuka, anaita jina ambalo sitaliandika. Majirani wakamfuata. Mimi aliniambia kwa mkono tu: nenda barabarani.

Nilikwenda barabarani. Nilikuwa naomba na kukimbia, na kila mwanamke aliyebeba kitu cha bluu moyo ulinilipuka. Nilifikiria stendi, makondakta, magari ya Mwanza, nikaanza kulia kwa sauti mtaani kama chizi. Njia ya kwenda stendi inapita mbele ya soko, na upande wa pili wa soko kulikuwa na baraza ya fundi cherehani tuliyekuwa tunamwamkia tukipita. Alikuwa Mwislamu, mzee wa kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Babu yake alitokea Tabora sijui Ujiji, yeye kazaliwa hapa hapa Musoma, na Kijita, lugha yetu, alikijua kutushinda sisi wenyewe.

Pale kwenye benchi lake, mgeni wetu alikuwa anakula chapati. Beseni liko katikati ya miguu yake, na ndani ya beseni kuna kopo la maji na nguo zake mbili.

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, sikufanya lolote. Nilisema tu, "Shikamoo fundi," sauti imekwaruza.

"Marahaba. Hema kwanza," akasema fundi. "Yupo. Nimempigia mama yako simu mpaka nimechoka."

Simu ya mama ilikuwa dukani inachajiwa. Fundi akamtuma kijana wa duka la jirani na baiskeli aende Kamunyonge akaseme mtoto kaonekana. Ndipo nilipopata nguvu ya kuuliza amemjuaje. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kufika pale. Mjini hakuna aliyemjua.

Fundi alitupa macho kwenye cherehani, kisha akayarudisha haraka, na mimi nikayafuata.

Kwenye cherehani kulikuwa na gauni la njano ambalo halijaisha. Shingoni mwa cherehani ulining'inia uzi wa nyavu, wa kijani, ule ule anaoutumia baba kushonea nyavu zake, una mafundo. Gauni lilikuwa na kasoro ambayo haikuwa kasoro. Bega moja lilikatwa chini kuliko jingine. Upande wa kushoto.

Nilisimama pale nikaanza kuunganisha vipimo. Uzi, mafundo, mikono ya mama mgongoni kwa mtoto, kiunoni, chini mpaka miguuni. Kwenye rafu nyuma ya fundi kulikuwa na nguo nyingine zimekunjwa, na ya juu kabisa ilikuwa na kola ambayo niliijua kuwa yangu kabla sijaambiwa. Niliangalia vidole vya yule mzee. Vidole hivi! Miaka yote napita hapa nampa shikamoo yangu ya haraka haraka, yeye ananipokea huku ananitazama nilivyorefuka.

Mwenzangu wa kazini anasema hapo ndipo mtoto anapovunjika moyo. Mimi ninachokumbuka ni kwamba niliogopa, ile hofu ya kuingia kanisani wakati hakuna watu. Nilikuwa nimeamini mtu mmoja. Sasa nikawaona wengi: mama na uzi wake, baba anayekata uzi na haulizi wa nini, bibi anayetafuta udongo, na huyu hapa ambaye Krismasi si sikukuu yake hata kidogo, anafunga mdomo kwa ajili ya watoto wa watu. Watoto wa majirani Waislamu walikuja kula pilau kwetu kila mwaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuropoka. Watu wa mtaa wetu hawakuwahi kukubaliana hata ni wapi pa kumwaga taka. Hili walikubaliana, na hakuna aliyewaitisha kikao.

Fundi alivuta kitambaa akafunika gauni. Akaniinamia. "Umeona," akasema chini chini. "Basi na wewe umo."

Mtoto alikuwa amemaliza chapati. Akafuta mikono, akasimama, akainua beseni. "Dada, nachelewa," akaniambia. "Nikamwekee maji halafu nitarudi."

"Utamwekea wapi?" fundi akauliza.

"Nyumbani. Bunda. Anapita Bunda kwanza. Nani atamfungulia?"

Kwa mara ya kwanza nilijua ukweli wote na ukweli haukunisaidia kitu. Kumwambia hakuna mzee ilikuwa sawa na kumwambia kufuli limefungwa kweli. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akakaa kwenye benchi ili macho yao yalingane.

"Mwanangu," akasema, "nani amekuambia yule mzee anafuata nyumba? Angekuwa anafuata nyumba, sisi wapangaji wa mji huu tungepata nini? Leo nakaa hapa, kesho mwenye nyumba kanifukuza niko Nyasho. Yule anafuata mtoto."

"Atajuaje nimehama?"

"Mimi nimekujuaje?"

Mtoto akafikiri. Hilo lilimgusa, nililiona. Alikuwa anapita njia yake, anauliza magari ya Bunda, na mzee asiyemjua kamwita: wewe si yule mtoto mgeni wa Kamunyonge? Njoo ukae. Alikuwa anajiuliza jambo hilo tangu ameketi.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Niliambiwa," fundi akasema, na kwa kweli hakudanganya.

Mtoto aliangalia barabara ya kwenda stendi, akaniangalia mimi. "Tutaona," akasema, kama mtu mzima anayemwachia mwenzake nafasi ya mwisho. Akaweka beseni kichwani, tukarudi.

Mama tulimkuta ameketi chini nje ya nyumba, khanga imelowa mpaka magotini. Yule kijana wa baiskeli alikuwa ameshampa habari. Hakumpiga mtoto. Alimvuta, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Umenimaliza wewe," akasema. "Umenimaliza kabisa." Kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Fundi anakusalimia." Mama ni mwepesi, hilo alilipata papo hapo. Macho yakamjaa machozi, akainuka kwenda kukung'uta dagaa kama vile hakuna kilichotokea.

Jioni ile mlangoni tuliweka mabeseni mawili, letu kubwa na la bluu. Mtoto alilijaza mwenyewe.

Kulipoanza kupambazuka mama alinigusa mguu. Nikamfuata. Alikuwa na mfuko mdogo wa plastiki, ndani yake udongo mwekundu ambao bibi huutuma kwa mtu anayekuja mjini. Nikaunyoosha mkono kwenye beseni nikidhani nimwage tu na kukoroga, akanizuia.

"Paka miguuni," akanong'ona. "Kisha nawa. Maji haya huwa tunanawa kweli."

"Nani alikuwaga ananawa?"

"Mwaka mmoja baba yako, mwaka mwingine mimi. Wewe ulipozaliwa, alinawa babu yako."

Nilipaka udongo wa Mwitongo kwenye nyayo zangu, baridi ya asubuhi ile ikanipanda mgongoni. Kwa sababu mabeseni yalikuwa mawili niliingiza mguu mmoja kwenye kubwa, mwingine kwenye la bluu, nikasimama pale nimetanua kama mtu anayevuka mfereji. Mama akaziba mdomo asicheke. La bluu lilikuwa dogo kweli, na maji yakamwagika kidogo pembeni, sawasawa na alivyosema mtoto. Nilipoyaona yanamwagika nikaacha kucheka. Niliangalia mguu wangu ndani ya maji yale na sikuuona kama wangu. Shangazi yangu alikuwa amesimama hivi hivi, kila mwaka, peke yake, Bunda. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na mwenzangu wa kazini akitaka kuita hicho kitu uongo, aite.

Kulipokucha walitoka wote mbio. Wadogo zangu walipiga kelele kwenye beseni kubwa. Yeye alikwenda kwenye la kwake taratibu. Alichuchumaa. Aliuona udongo, akaligusa tope la pembeni mahali maji yalipomwagikia. Nikampa gauni la njano kutoka kwenye kigoda, maana alikuwa kama amesahau.

Alilivaa pale pale juu ya nguo ya kulalia. Lilikaa. Nguo zote nilizowahi kumwona nazo zilikuwa zikivutwa upande mmoja, hili lilitulia, bega na bega. Baba alipiga makofi. Bibi alikuwa hewani kwenye simu anauliza limemtosha, limemtosha? Tulikuwa tumeshachelewa misa na mama anatuhimiza tuvae viatu.

Mtoto hakutusikia. Alikuwa ameinama, amegeuza upindo wa gauni chini, anaukagua kwa vidole. Ulikuwa umekunjwa ndani upana wa kiganja, ukashikizwa kwa mshono mwepesi wa mkono. Wenye watoto wanajua maana yake. Na yeye alijua, kwa sababu mama yake alikuwa anamfumulia upindo kila mwaka anaporefuka.

"Dada," akaniita. "Huu ni wa kufumua mwakani?"

"Ndiyo. Ukirefuka."

"Mwakani nikiwa wapi?"

"Hapa," nikasema. "Utakuwa wapi tena?"

Aliushika ule upindo kwa mikono miwili. Akatazama huku na huku kama anatafuta mtu wa kumzuia, kisha akaangua kilio. Alilia kwa sauti, alimwita mama yake, alilia kile kilio ambacho tulikisubiri tangu mazishi na hakikuja. Baba akatoka nje na simu. Mama alivua viatu vya kanisani, akavisukuma pembeni, akaketi sakafuni na gauni lake zuri, akampakata. Misa ya kwanza ilitupita, na ya pili.